Siku Pasi ya Makala Ilipolala Ndani ya Beseni

Pale Nyalukemba, mjini Bukavu, kwenye kona ambapo wamotari hupumzisha pikipiki zao kabla ya kupandisha mlima, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa mlango wa kabati. Limelazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta wa nyumba ya Maman Cibalonza, na ukilikalia vizuri bado utaona tundu la ufunguo katikati ya miguu yako. Hapo Maman Cibalonza anauza kahawa yake ya tangawizi, na hapo wanaume watatu wanaitengeneza dunia kila siku, na dunia haitengenezeki. Yuko Papa Mushagalusa, wote wanamwita Papa Voltage, kwa kuwa anachaji betri za watu na hajawahi kuona kitu kibovu akasema hakiwezi kupona. Yuko Hugues, anaitwa Doctorat, maana thèse yake, ile tasnifu ya udaktari, aliianza nywele zake zikiwa bado nyeusi. Na yuko Willy motari, jina lake Radio. Habari hazimpiti, ila ukweli unampita kila siku na hata hausalimii. Jumamosi ile hawakuzunguka birika la kahawa. Walizunguka beseni la bluu. Ndani ya beseni, chini ya maji, ililala pasi ya makala, ile ya kutia makaa, ya marehemu mama yake Cibalonza, na nyaya mbili zilitoka majini kama mikia ya panya.

Kosa lilikuwa la benchi zima. Tangu mvua zianze, upepo wa ziwa ulikuwa unaipandisha shitingi, ile plastiki nene inayowafunika, na mvua inawanyea ndani ya vikombe. Basi walimwendea Maman Cibalonza wote watatu, sauti laini kama watu wanaokwenda kuomba mke.

— Maman, hauna kitu ya buzito? Ya kufunga tu ku kona ya shitingi.

Naye, bila kufikiri, akawapa pasi. Nani bado anapiga pasi ya makala, wakati jirani Anne-Marie ana pasi ya umeme na hamnyimi mtu? Pasi ikaning'inia pale majira yote ya mvua, yenyewe ikinywa maji ili wao wanywe kahawa tu.

Halafu siku ya komunyo ya kwanza ya Joviale, mjukuu wa Maman Cibalonza, ikakaribia. Ilikuwa Jumapili, kesho ya siku ile ya beseni. Gauni jeupe lilikuwa kwa fundi cherehani, litakuja Jumamosi mchana, na mama wa mtoto atapanda kutoka Luvungi alfajiri ili amwone binti yake akitembea kati ya wenzake kwenda altareni. Na umeme wa wiki ile ulikuwa kama mgeni asiyesema atakuja lini na ataondoka lini. Maman Cibalonza hakutaka kuweka gauni la mtoto mikononi mwa mgeni wa namna hiyo. Ijumaa akaifungua ile kamba ya shitingi, akaigeuza pasi, akaona tumbo lake limekuwa jekundu kama tofali. Akapitisha kidole; kidole kikatoka cha rangi ya mchuzi. Kutu namna hiyo ikigusa kitambaa cheupe, haitoki hata kwa maombi.

Hakupiga kelele. Aliiweka pasi katikati ya benchi, mahali pa mtu kukaa, akaingia ndani. Wanaume wakaitazama kama watoto waliovunja chungu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi walifika mapema, kila mmoja na dawa yake.

— Mi niliona video, akasema Doctorat, akishika simu yake iliyopasuka kioo. Ni électrolyse. Maji, soda kidogo ile ya kufulia, na courant, umeme. Unafunga chuma yenye kutu ku moins, waya ya hasi, unafunga chuma ingine ya bure ku plus, ya chanya. Kutu inatoka yenyewe. Hauguse, haukwangue, haufanye kitu.

— Hapo kwa kutofanya kitu, akasema Maman Cibalonza, njo nasikia iko kazi yenu.

— Maman, usitucheke, akasema Papa Voltage. Chargeur ya betri niko nayo. Courant iko, asubuhi mapema radio yangu iliimba. Chuma ya bure njo hii jembe. Unakosa nini tena?

— Nakosa pasi.

Papa Voltage akainamia kazi. Akaiweka chargeur juu ya tofali, akapitisha waya dirishani, akaichomeka prise yake kwenye tundu la umeme la chumbani. Taa ndogo ya ile chargeur ilikuwa imeungua zamani, lakini mwenyewe alisema hahitaji taa, yeye courant anaisikiaka mu kifua. Na kweli, mngurumo ulisikika, ngrrrr, ngrrrr, mzito na mtulivu.

— Munasikia? Njo yeye huyo anakula kazi.

— Batu bote nyuma! akapiga kelele Doctorat. Na mbabula, ile jiko ya makala, musogeze kule. Ile povu inatoa gaz yenye kuwaka. Willy, zima sigara.

— Na mutu akigusa maji? akauliza Willy.

— Akigusa, akasema Papa Voltage, courant itamurusha, tutaenda kumuchukua ku port ya Goma, kule mwisho ya ziwa.

Basi hakuna aliyegusa. Maman Cibalonza akatamani kutia mkono aisogeze pasi ya mama yake kidogo, imelala vibaya, upande upande kama mgonjwa asiye na mtu. Wakamzuia kwa mikono sita. Akajifuta vidole kwenye kitenge, akamimina kahawa.

Wakakaa kungoja. Maji yakakaa pia.

— Haichemke, akasema Willy baada ya kikombe cha kwanza.

— Ngoja.

— Niko nangoja. Lakini mu video ilikuwa inachemka?

— Mu video ilikuwa inachemka, akakubali Doctorat. Lakini video banaikataka. Batoshaka nje ile sehemu ya kungoja.

Willy, ambaye hajawahi kungoja hata abiria amalize kukaa, alichukua kipakiti cha sabuni ya unga alichokuwa nacho mfukoni kwa ajili ya kuosha pikipiki, akakimwaga chote, akakoroga na kijiti.

— Unafanya nini, weye?

— Naongezea nguvu.

Povu likapanda. Jeupe, jingi, likaziba pasi, likaziba jembe, likafika midomoni mwa beseni. Papa Voltage akasimama na mikono juu kama mtu aliyeona mtoto wake amepasi examen d'État, mtihani wa serikali.

— Niliwaambia! Iko nachemka! Maman, njoo uone, kutu iko nalia!

Maman Cibalonza akainama. Aliona povu. Kufua amefua maisha yake yote, na lile povu alilijua kwa jina na kwa harufu. Lakini wanaume watatu walikuwa wanafurahi, mmoja wao karibu ni docteur, akajiambia labda kutu nayo ikilia inanukia sabuni.

— Sasa inaenda wapi, hiyo kutu? akauliza.

Hapo ndipo mazungumzo yalipopata mabawa.

— Iko rahisi, akasema Papa Voltage. Courant ni sawa motari. Inafika kwa pasi, inasema, panda. Kutu inapanda. Inaipeleka mpaka ku jembe, inasema, shuka.

— Na ikikatala kushuka? akauliza Willy. Miye niko nao, abiria ba namna ile.

— Itashuka. Courant haibembelezake mutu.

— Acheni, akasema Doctorat. Kutu ni chuma yenye ilikunywa hewa mingi. Imelewa. Sasa courant inaitapisha.

— Mi nasema kutu ni ugonjwa ya kuambukiza, akasema Willy. Pikipiki ya Jacques ilikuwa nzima. Akailaza siku moja karibu ya portail ya parokia, ile geti ya chuma ya zamani. Asubuhi, guidon, usukani yote, nyekundu!

— Jacques aliiangushaka mu mutaro.

— Mutaro karibu ya portail!

Saa sita kengele ya parokia ikalia. Povu likashuka polepole, maji yakaonekana, na pasi ikaonekana, nyekundu vilevile, kama haijasikia habari yoyote.

— Mulifunga vibaya, akasema Willy. Geuzeni nyaya.

— Moins iko kwa pasi, kama ku video.

— Una hakika hii njo moins? Nyaya zote mbili ni nyeusi.

Papa Voltage akazitazama nyaya zake. Zilikuwa nyeusi zote mbili, kwani ile nyekundu iliungua siku moja pamoja na ile taa, akaibadilisha na alichokipata.

— Kushoto njo moins, akasema.

— Kushoto yako ao kushoto ya beseni?

Wakageuza. Wakangoja kikombe kizima. Wakageuza tena. Doctorat akataka kurudia video, simu ikawa imezimika. Wakageuza kwa kura ya mikono. Papa Voltage alikuwa akishika nyaya kwa soksi yake mwenyewe, ameivua mguuni akaivaa mkononi, macho amefumba, na kila akimaliza anashukuru Bikira Maria kwa kumwacha hai.

Katikati ya kugeuza huko, kuku wa Maman Cibalonza akaja. Akaruka juu ya ukingo wa beseni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainamisha shingo na kunywa.

— Atakufa! akalia Willy.

Kuku akainua mdomo mbinguni, akameza. Akainama tena, akanywa. Akajitikisa, akashuka, akaenda zake kutafuta wadudu chini ya pikipiki.

— Hakukufa, akasema Maman Cibalonza polepole.

— Ni sababu amesimama ku plastiki, akasema Doctorat haraka. Plastiki haipitishake.

— Mudomo haikukuwa ku plastiki. Mudomo ilikuwa mu maji.

— Maman, akasema Papa Voltage kwa huruma, kama anamweleza mtoto, kuku ni ndege. Ndege courant haizikamatake. Hauonake zinakaa ku waya ya courant asubuhi yote, zinaimba?

Doctorat akatingisha kichwa, akaona ni hoja nzuri. Willy akasema hata yeye alikuwa anataka kusema hivyo. Maman Cibalonza akamtazama kuku, kuku akamtazama yeye, na kati ya wote waliokuwa pale, hao wawili tu ndio walioona kuna jambo.

Fundi cherehani akamtuma Joviale na gauni. Mtoto akaja amelishika mbele yake kwa mikono miwili, kama amebeba sahani ya supu.

— Koko, akamwambia bibi yake, fundi anasema ameifua, ameitia amidon, uianike kidogo njo upige pasi.

Amidon, ule uwanga wa kukaza nguo. Gauni lilikuwa na mikunjo kama uso wa mzee, na mikono iliyofura kama puto, na ukanda wa kufunga nyuma. Maman Cibalonza akalitundika kwenye kamba, mbali na benchi, mbali na moshi, mbali na kuku. Akasimama mbele yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuvaa gauni kama hilo, lililonyooshwa kwa pasi hii hii. Mama yake alikuwa anafua na kupiga pasi nguo za watawa. Alikuwa anaipuliza pasi upande mpaka makala yaone haya na kuwaka, kisha anavuta pembe ya sketi yake na kuipitisha hapo kwanza. Sauti yake bado ilikuwa sikioni: «Ciba, jaribu ku nguo yako weye. Ikichafua, ichafue yako.»

Akarudi kwenye benchi, na safari hii hakucheka.

— Papa Voltage. Robe imefika. Mama yake mutoto anapanda kesho kutoka Luvungi. Niambie ukweli. Pasi itapona?

Wanaume wakasogeana. Ukweli hawakuwa nao, lakini hawakutaka kumwacha mikono mitupu.

— Mi nimeelewa shida, akasema Willy kwa sauti ya chini. Courant yetu inatoka wapi? Ruzizi. Na mto Ruzizi inatoka wapi? Mu ziwa hii. Na maji ya robinet, ya bomba, inatoka wapi?

— Mu ziwa? akauliza Papa Voltage.

— Njo vile! Courant ni maji ya ziwa, na beseni ni maji ya ziwa. Ni bandugu! Zimekutana mule ndani, ziko nasalimiana tu, ziko naulizana habari za nyumbani. Hazitafanya kazi!

Doctorat alifumba macho. Mtu aliyesoma angepaswa kukataa. Lakini alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi, na kutu haijatoka, na neno la Willy lilikuwa la kwanza lililoanza na kuishia mahali.

— Si ya kutupilia mbali, akasema.

— Tutie maji ya mvua! akasema Papa Voltage. Mvua haina ndugu.

Wakamwaga beseni, wakajaza maji ya pipa la chini ya bati, wakatia soda upya. Willy akaomba sabuni kwa dirisha la jirani, povu likapanda upya, wakashangilia upya, lakini kwa sauti ndogo zaidi, kama wakwe wanaocheka hadithi waliyokwisha kuisikia. Na mngurumo ukaendelea, ngrrrr, ngrrrr.

Ndipo akapita msichana mmoja, Elodie, mwanafunzi aliyehamia chumba cha mwisho wa avenue wiki ile ile. Ameshika simu mkononi, imezimika.

— Bonjour bapapa. Bonjour maman. Samahani, kwenu courant ilirudiaka saa ngapi? Kwetu bado, tangu asubuhi.

Papa Voltage akaitazama chargeur. Doctorat akamtazama Papa Voltage. Willy akatazama barabara, akitafuta abiria kwa mara ya kwanza siku ile.

— Courant iko, akasema Papa Voltage. Si unaisikia inanguruma?

— Ile? Ni groupe, ile jenereta ya bale banakopiaka bikaratasi, pale chini. Mimi natoka kule, bananikatalia kucharger, banasema groupe haina nguvu.

Kule chini mtu akauzima ule mtambo, labda kwenda kula. Mngurumo ukakatika. Na kifua cha Papa Voltage, ambacho kinasikiaka courant, hakikusema neno.

Doctorat alikuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi, na swichi ya taa ya mlangoni ilikuwa juu ya bega lake kabisa, imemchora alama kwenye shati. Akainua mkono polepole. Tak. Taa haikuwaka. Tak, tak. Haikuwaka.

— Labda ampoule imekufa, akasema Willy.

— Radio, nyamaza, akasema Papa Voltage.

Maman Cibalonza akalitazama beseni. Akalitazama povu. Akamtazama kuku.

— Kwa hiyo, akasema, tangu asubuhi nilikuwa nafua pasi.

Akaanza kucheka. Kicheko kilianzia chini, kikamtikisa mabega, akakaa juu ya benchi mahali pale alipoweka pasi jana yake, akacheka mpaka machozi yakashuka. Na wanaume wakashindwa kujua ni wakati gani kicheko kiliisha na machozi yakabaki peke yao.

— Soksi, akasema. Alivaa soksi ku mukono.

— Maman, utusamehe, akasema Papa Voltage.

— Na ndege ku waya!

— Ile ilikuwa ya Voltage, akasema Doctorat.

— Na weye ulitingisha kichwa, docteur wangu. Nilikuona.

Akajipangusa uso, akapandisha mkono wa blauzi, akauingiza majini hadi kwenye kiwiko, palepale ambapo walisema courant itamrusha mtu hadi Goma. Akaishika pasi.

— Mimi nitaikwangua na muchanga. Hata kama mikono itatoka ngozi. Mutoto hataenda na robe ya makunjo.

— Maman, itoe basi, tukusaidie kukwangua, akasema Willy, na safari hii hakuwa na nadharia.

Maman Cibalonza alikuwa ameinua pasi nusu, maji yanachuruzika, wakati ule ukelele ulipoanzia mbali, upande wa juu ya mlima. Kila mtu wa Bukavu anaujua. Hauna mwalimu, watoto wanazaliwa nao. Ulianzia nyumba moja, ukarukia nyingine, ukashuka avenue kwa avenue, ukawafikia:

— Eeeeeh! Courant! Courant!

— Mukono! akapiga kelele Papa Voltage, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia, na mwenyewe akaing'oa prise dirishani hadi fito za dirisha zikalia.

Maman Cibalonza alikuwa ameshautoa mkono. Pasi ikazama tena, plup. Taa ya mlangoni ikawaka juu ya kichwa cha Doctorat, mchana kweupe, kama inamnyooshea kidole.

Wakafunga vizuri, mikono yote nje, nyaya zikakaguliwa. Papa Voltage akarudisha prise, na sasa hakusema anasikia kitu. Alitazama tu. Wote walitazama. Maman Cibalonza alipiga magoti karibu, akapuliza povu la sabuni likakaa upande.

Kwanza hakikuonekana kitu. Halafu, kwenye tumbo la pasi, tone moja dogo la hewa, kama jicho la sindano. Likapanda. Likaja jingine. Yakaja mengi, yakaifunika pasi kama maziwa yanapotaka kuchemka, na kwa kuyategea sikio yalikuwa yanasema, ssss, ssss. Hakuna sabuni inayosema hivyo.

— Pasi iko ku moins ao ku plus? akauliza Doctorat, na uso wake ukabadilika. Tuligeuza mara ngapi? Maana ikiwa ku plus, haisafishwe. Inaliwa.

Wakatazamana. Walikuwa wamegeuza kwa kura, kwa hasira, kwa kushoto ya beseni. Hakuna hata mmoja aliyejua.

— Jembe njo inachafuka, akasema Maman Cibalonza. Angalieni. Pasi inatoa povu mingi, jembe inakuwa nyekundu.

Papa Voltage akainama mpaka pua ikakaribia kulowa.

— Njo sawa, akasema. Fasi ya povu mingi njo fasi ya kusafisha. Iko ku moins. Maman, iko ku moins!

— Tulijua, akasema Willy.

— Hatukujua, akasema Doctorat. Tungegeuza tena mara moja tu, tungekunywa kahawa juu ya kaburi ya pasi.

Jirani Anne-Marie akatoa kichwa dirishani, akaita:

— Maman Ciba! Leta robe, pasi yangu iko moto!

— Bado iko maji! akajibu Maman Cibalonza, akigusa gauni kwenye kamba. Ngoja ikauke kidogo!

Gauni likachukua wakati wake. Elodie alichomeka simu yake dirishani, akakaa nao kwenye benchi, akamiminiwa kahawa. Beseni likachemka alasiri yote. Maji yakawa ya njano, kisha ya kahawia kama kahawa yenyewe, na hakuna aliyezungumza sana. Waliona kazi inaendelea vizuri zaidi bila wao. Jua lilipoanza kulegea, Maman Cibalonza akaligusa gauni, akaona limefika: si maji, si kavu. Akalitoa kwenye kamba, akalikunja juu ya mkono, akageuka kwenda kwa Anne-Marie.

Taa ya mlangoni ikazimika.

Kutoka mlima mzima ikasikika ile sauti nyingine, ambayo si ukelele, ni pumzi ndefu tu: aaaah.

Maman Cibalonza akasimama pale, gauni mkononi. Kisha akasema:

— Sawa. Tosheni pasi mu maji.

Papa Voltage akang'oa prise kwanza, akaonyesha watu wote kwamba ameing'oa. Wakaitoa. Ilikuwa nyeusi, ina utando laini kama masizi. Maman Cibalonza akausugua kwa brosi na maji safi, na chini yake chuma kikatoka, cha kijivu, tulivu, bila wekundu hata kwenye pembe. Akaikausha juu ya moto mara moja, maana alijua chuma kilichotoka majini hakichelewi kurudia tabia. Akachukua kipande cha mshumaa, akapaka tumbo lote, akapangusa na kitambaa. Kisha akatazama sketi yake mwenyewe. Ilikuwa kitenge cha rangi zote. Kingeficha kila doa.

— Nataka kitu nyeupe, akasema. Nani iko na kitu nyeupe?

Wote wakageuka. Shati la Doctorat lilikuwa jeupe. Lilikuwa la soutenance. Alilinunua kwa ajili ya siku atakayosimama mbele ya maprofesa kuitetea thèse yake, na alilivaa kila siku ili siku hiyo isimshike bila kujiandaa.

— Hapana, akasema Doctorat.

— Inakuwa na alama ya swichi, tayari, akasema Willy taratibu.

Doctorat akalifungua, kifungo kwa kifungo, akabaki na singlet, mikono yake myembamba ikasisimka kwa upepo wa ziwa. Akalitandaza mwenyewe juu ya benchi.

Makala ya kutia ndani ya pasi yalikuwa mahali pamoja tu: chini ya birika. Maman Cibalonza akalishusha birika, akachota makala yote mekundu, akayatia ndani ya pasi, akafunga kifuniko, akaipuliza upande. Akailaza juu ya shati la soutenance, juu ya mgongo kabisa, akaivuta kutoka bega hadi bega, akaiinua.

Shati lilikuwa jeupe. Hata ile alama ya swichi ilikuwa imelala.

Basi wakalishika gauni lisiguse chini: Papa Voltage pindo la nyuma, Willy pindo la mbele, Elodie mikono yenye puto, Doctorat ukanda, na Joviale akisema musikaze, musikaze. Maman Cibalonza akapiga pasi bila kuharakisha, akinyoosha mkunjo mmoja mmoja, midomo yake ikisogea kama anaongea na mtu aliyesimama nyuma yake. Alipomaliza, gauni lilisimama karibu peke yake. Akalipeleka ndani, akalitundika juu ya kitanda, akafunga mlango.

— Maman, akasema Willy, na kahawa?

— Imepoa. Makala yake yote iko mu robe ya mutoto.

Vikombe vilikaa kwenye benchi, kimoja karibu na kingine, vya baridi. Kisha upepo ukageuka, tone la kwanza likaanguka, likafuatwa na mengine. Shitingi, bila kitu cha kuizuia, ikapanda juu kabisa kama sketi ya mlevi, na mvua ikawanyea wote, Doctorat akiwa bado amevaa singlet, shati safi amelikumbatia tumboni. Willy akatafuta kitu kizito. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Macho yake yakatua juu ya pasi, iliyokuwa inapoa kwenye kizingiti, kavu, ya kijivu, nzito vizuri.

— Weye Willy, akasema Maman Cibalonza kutoka ndani. Hata usiiangalie.